Mwalimu wa Mashini na Mustari Yenye Niliruka

Weye mwenye uko nasoma, kaa apa karibu. Nakuhesabu kama rafiki, juu iyi habari siwezi kuimwanga mbele ya mutu mwenye ataibeba kwa kicheko. Iko mwalimu moja alitufundishaka mashini, ni kusema kompyuta, siye bamama ya masomo ya mangaribi, mu salle moja, chumba ya zamani pale Kadutu, yenye ukuta yake ilikuwa nalia maji kila mvua. Jina yake sitaiandika. Ni yeye alinikataza. Alisema: "Andika mwalimu. Benye bananijua batanijua."

Mu mji banasemaka: "Ule muzee alijiharibia mashini yake mwenyewe. Macho ilikuwa imeisha, lakini kiburi haikuisha." Nimeisikia mu taxi, nimeisikia ku lango ya kanisa, nimeisikia hata mu soko mbele ya sinia yangu ya sambaza, ile samaki ndogo ndogo, na nilikuwa nainamisha kichwa, naendelea kupima. Haikuwa yeye. Nitakuambia ni nani. Lakini uniache kwanza nikuoneshe mutu mwenyewe, juu si muzuri mutu ajulikane tu kwa siku yake moja ya mubaya.

Nianze na mikono. Ilikuwa mikono ya mutu mwembamba, lakini vidole minene, kama aliikopa ku fundi wa mbao. Visi, ile musumari ya kuzungusha, akiitosha mu mashini, aliiwekaka kwanza ku mudomo. Siye tulicheka: "Mwalimu, iko na chumvi?" Yeye hakucheka. Alikuwa anasikia meno ya visi na mudomo, ajue inatoka mu shimo gani. Akimaliza kazi, alihesabu visi bila kuangalia. Kama moja imebaki ku meza, anafungua tena yote. "Visi moja ku meza," alisemaka, "ni uongo moja mu kazi."

Alijuaka mashini kwa sauti ya ventilateur yake, ile feni ya ndani, vile mama anajua kikohozi ya mutoto wake. Anaingia mu salle, bado hajavua koti, anasema: "Ya tatu iko na vumbi. Nani anakaliaka pale?" Na ni kweli, ile ya tatu ilikuwa ya Maman Trésorière, mutunza pesa yetu, mwenye alikuyaka na mandazi na kuiweka juu ya carcasse, ile sanduku ya mashini, ipate moto.

Alikuwa mukali? Ndiyo, lakini ukali yake ilichagua mahali. Muingenieri moja alikuya siku moja na cravate ku shingo, akasema apa munafanya bricolage, kazi ya kuunga-unga. Mwalimu alimufukuza na maneno mbili. Lakini koko moja, bibi muzee wa mtaa ya Panzi, mwenye alikuwa na miaka zaidi ya soixante-dix, sabini, na hakujua hata kufinya souris, ile panya ya mashini, alimukalia pembeni mwezi muzima. Koko akisema, "Papa, kichwa yangu imekauka," yeye anajibu: "Maman, mashini haina chuki. Iko na sababu tu. Tutafute sababu." Ile "mashini haina chuki, iko na sababu", niliibeba mupaka mu nyumba yangu. Mutoto akirudi na bulletin ya masomo ya mubaya, nilianza kutafuta sababu mbele ya kutafuta fimbo.

Ku kusoma, iko ingine alisemaka. Tulikuwa tunasoma haraka, tunamwanga jibu mbele ya swali kuisha. Anasimama nyuma yako, anasema polepole: "Ukisoma haraka, unasoma yako. Haujasoma yake."

Sasa mashini yenyewe. Nikueleze vizuri, hata kama haujagusa mashini. Iko kampuni moja kule mbali inatengeneza mashini ya muzuri sana, na inatengeneza pia système, ni kusema ile roho yenye inaendesha mashini. Ile kampuni inasema système yake ikae tu mu mashini zake. Ukiiweka mu mashini ingine, inakataa. Mwalimu hakuwa na ile mashini. Alikuwa na maiti tatu ya mashini: moja ya bureau moja yenye ilifunga, moja ilichomwa na radi, moja alipewa na mutu mwenye alikuwa nataka kuitupa. Alitosha moyo apa, kumbukumbu pale, akajenga mashini moja mu sanduku ya mbao yenye alitoboa na musumari ya moto ipumue. Akaijengea ile système nyumba mupaka ikakubali kuingia.

Haikuwa kazi ya siku moja. "Ni kama damu," alituambia. "Ku hospitali hawakutie damu ya kila mutu. Iyi système iko na groupe sanguin, aina yake ya damu." Kipande moja ikikataliwa, anaitosha, anangojea mufanyabiashara arudi kutoka Kampala na ingine. Na ndani mulikuwa fichier moja, faili yenye aliandika yeye mwenyewe, namba kwa namba, yenye ilikuwa naambia système kila asubuyi: kaa, hapa ni kwako. Namba moja ikikosea, nyumba yote inafungwa.

Miye nilikuwa na shida na Mungu juu ya iyi. Nilimuuliza: "Mwalimu, kampuni imekataza. Iyi haiko kuiba?" Akasema: "Maman, banasema système yao ikae mu nyumba yao. Miye nimeijengea nyumba. Nani amelala inje?" Sikuridhika. Nilienda kuungama. Padiri akauliza: "Na sono ya kanisa, ile vyombo ya sauti, nani aliitengeneza na vipande ya radio?" Nikasema: "Ni yeye." Padiri akakohoa, akanipa Salamu Maria tatu, na sikujua kama ni juu ya mwalimu ama ni juu ya kuuliza.

Na uone: mutu mwenyewe hakuingiaka misa. Alitengeneza sono, anakaa inje mupaka isikike vizuri, anaenda zake. Nikimuambia "Ingia basi", anajibu: "Nimesikia yote kutoka inje." Tena alikuwa mutu wa kiburi ya kimya. Ukimushika mukono avuke barabara, anasimama pale katikati, ma-taxi inapiga honi, mupaka umuache.

Kwa nini alitaka ile système, na si ingine? Siye tulizania ni juu ya uzuri. Siku moja nilifika mbele ya wenzangu, juu miye na yeye tu ndio tulikuwa na funguo ya salle, na miye nilikuwa nafagia na kuwasha mashini. Nikamukuta amekaa uso karibu kugusa écran, ile kioo ya mashini, kama mutu ananusa sufuria. Akaniambia bila kugeuka: "Maman ya funguo, pression, ile presha ya ndani ya jicho, imekula macho yangu. Jicho ya kushoto imeisha. Ya kuume daktari amenipa miezi." Nikasema: "Yesu." Akasema: "Mwache Yesu, leta kiti."

Ndio akanieleza. Ile système iko na sauti yenye inasoma écran: kila neno, kila bouton ya kufinya. Na inasoma tangu page ya kwanza kabisa, hata kipofu anaweza kuiweka mu mashini peke yake, bila kuita mutu. "Zingine pia zinasoma," alisema, "lakini lazima mutu mwenye macho akufungulie mulango. Miye sitaki kubisha mulango mu kazi yangu mwenyewe." Ndio ile ilikuwa shauri: mashini iongee mbele ya macho kufunga, mikono yake iendelee kufanya kazi mu giza.

Na kumbe sauti ndiyo kitu ya mwisho kukubali mu mashini ya kujijengea. Picha ilikuya, souris ilikuya, sauti hapana. Iko namba ya sauti mu ile fichier, na haujue ni gani. Unaweka un, ile moja, unazima, unawasha, unasikiliza. Kimya. Unaweka deux, mbili. Kimya. Kila kuwasha ilichukua dakika, na bamama hatukuwa watu wa kukaa bure, basi tulisali. Dizaine moja ya rozari, Salamu Maria kumi, kwa kila namba. Mwalimu hakusali, lakini mwishoni ye mwenyewe alianza kutuhesabia: "Dizaine imeisha na haijafunguka? Basi iyi namba imekufa. Muanze ingine." Tulisali hivi wiki tatu. Ku namba vingt-huit, ishirini na nane, tukiwa ku "utuombee siye wakosefu", sauti ya mwanamuke ikatoka mu sanduku, inatukaribisha: "Bienvenue."

Maman Trésorière aliruka juu ya benchi: "Shetani ashindwe!" Mwengine akasema: "Aye, uyu Madame anaongea Kifaransa kunishinda, na hana hata shingo!" Tulicheka mupaka machozi. Yeye hakucheka. Alifunga macho mbili, akaweka mikono ku clavier, ile ubao ya herufi, akaacha Madame amusomee bouton kwa bouton, vile mutu anapapasa ukuta ya nyumba yake ajue mulango iko wapi. Nilimuona ametulia. Sijamuonaka ametulia vile tena.

Ile ilidumu miezi ine. Jicho ya kuume ilifunga polepole, na yeye alifundisha bila kukosa. Anafungua fichier, Madame anasoma, yeye anarekebisha. Kila mara écran ilikuwa natosha kapapilo pembeni: mise à jour iko, ni kusema système mupya, tuiweke sasa ama kesho? Madame anaisoma, yeye anajibu kama mutu anafukuza muuza karanga: "Kesho, Maman, kesho." Na anafinya kesho.

Sasa sikiliza kosa yangu.

Unajua courant ya apa, ule umeme wetu. Inaweza kukosa siku tatu. Ikirudi, hakuna mutu anauliza kama kitu iko ya lazima: unapiga pasi, unachaji telefone, unaweka maharagi ku réchaud, hata nguo yenye haijakauka unaipiga pasi, juu haujue saa ngapi itakata. Hivyo ndivyo tunaishi. Na miye nilizania anasema "kesho" juu ya courant na juu ya connexion ya internet. Nilizania anangojea siku ya muzuri.

Ile siku courant ilikuwa imerudi tangu asubuyi, na connexion ilikuwa natembea kama maji. Quinze heures, saa tisa ya muchana, nilikuwa peke yangu mu salle, nafagia. Kapapilo ikatoka. Sasa ama kesho? Nikafurahi kabisa. Nikasema, leo nitamufanyia mwalimu zawadi. Nikafinya sasa.

Mashini ilifanya kazi yake, ikajizima, ikajiwasha. Nilingojea dizaine moja, nikangojea mbili. Écran ilikuwa weusi na mistari ya weupe, ikasimama. Madame hakusema kitu. Ile système mupya haikutambua tena nyumba. Nilizima, nikawasha, vile vile. Nikaifunika na kitambaa yake, nikakaa.

Yeye alifika dix-sept heures, saa kumi na moja, pamoja na bamama wengine; siye bamama bote tulikuwa onze, kumi na moja. Alitosha kitambaa, akawasha, akasikiliza. Akasikiliza tena. Kisha akasema: "Maman ya funguo, nisomee." Nikasoma ile mistari, herufi kwa herufi, vile alitufundisha. Mustari ya pili ilikuwa naonesha namba ya système. Ilikuwa namba mupya. Kama niliisoma, angejua mara moja kwamba mutu alifinya. Niliiruka. Nikasoma ya kwanza, nikasoma ya tatu.

"Ni yote?"

"Ni yote, mwalimu."

Alikaa chini. Akasema mbele ya bote: "Ni miye. Leo asubuyi niligusa ile fichier. Madame alisema trois, tatu, miye nikaandika huit, nane, ama sijue nini niliandika. Ni mikono yangu."

Nilifungua kinywa, nakuapia. Lakini Maman Trésorière akasema: "Pole, mwalimu, ni macho," na bengine bakasema pole, pole, na ile pole ikapita juu ya kinywa yangu ikaifunga. Miye nilikuwa mwenye funguo. Niliogopa banipokonye funguo. Ndiyo ile tu, rafiki. Funguo ya salle moja yenye ukuta inalia maji.

Kisha nikafanya vile mutu mwenye zambi anafanya: nikakuwa muzuri sana. Kila siku saa ya seize heures, saa kumi, nilikuwa pale, nikamukuwia macho. Yeye anasema, miye naandika. Anazima, tunangojea, anasema: "Soma." Nasoma. Na kila mara naruka ile mustari ya pili. Alitafuta kosa yake mu fichier yenye haikuwa na kosa. Alibadilisha namba zenye zilikuwa sawa, zikakuwa za mubaya kweli. Miezi tano. Bamama banasema: "Angalia vile anamusaidia, ni mutakatifu." Na miye nilikuwa naenda kupokea komunyo na ulimi ileile.

Siku moja alitosha clavier ku magoti yake, akaiweka ku yangu. "Beba, Maman. Mikono iyi imekuwa ya mutu mugeni. Siijue tena." Nikamubembeleza ajaribu tena. Akasema: "Mutu mwenye hawezi kuandika trois akisikia trois, anafundisha nani?" Alihesabu visi za sanduku ku mudomo, moja moja, akafunga. Masomo ikaisha wiki ileile. Dada yake mudogo akakuya kumubeba aende kwake ku Nyantende, na ile siku alikubali kushikwa mukono. Alishikwa kama mutoto. Ndiyo ile ilinivunja.

Nyuma yake mji wetu ilipata siku zake za vita, weye pia unazijua. Salle ilivunjwa mulango. Balibeba mashini zote, na ya mbao pia. Bamama tulitawanyika: mwengine Burundi, mwengine Uvira, mwengine sijue.

Niliungama. Padiri alinisamehe kwa jina ya Mungu, kisha akasema: "Sasa enda kwake." Nilikawia mwaka muzima. Nilifunga, nilifanya novena, nilifanya yote isipokuwa ile moja. Dimanche moja, siku ya Mungu, nikatoka misa ya kwanza, nikapanda moto, ni kusema pikipiki, nikaenda Nyantende na kilo mbili ya sambaza.

Dada yake alikuwa ku lango anatosha maharagi mu maganda. "Asinge," akanisalimia kwa lugha ya kwao, akanionesha ndani na kidevu. Yeye alikuwa amekaa ku kiti, mikono imelala juu ya magoti kama vitu mutu alisahau pale. Dada yake akaninongoneza: hata radio ikiharibika anasema banaite mutu.

"Ni nani?"

"Ni miye, mwalimu. Maman ya funguo."

"Ah. Haukuya kulia, nataraji."

Nikamuambia yote kwa mara moja, nisipate nafasi ya kuruka. Courant, zawadi, kufinya, mustari ya pili. Maharagi ilikuwa naanguka mu sahani kule inje, tik, tik.

"Uliruka mustari."

"Niliruka."

"Mara ngapi?"

"Kila mara, mwalimu. Miezi tano."

"Sasa isome."

Nilikuwa naijua ku kichwa. Nikaisoma, herufi kwa herufi, na namba mupya ku mwisho. Nikaona vidole yake vinasoga ku magoti. Akasema, haraka haraka, na sauti ya kule Kadutu: "Basi unafungua kwa clé USB, unatosha pilote ya sauti, ile programu ya kuiendesha, ya zamani, unaweka mupya, unabadilisha mistari mbili ku fichier. Trois ile unaiacha, ilikuwa trois." Kisha: "Ni kazi ya après-midi moja, nusu ya siku tu."

"Mashini haiko tena, mwalimu. Balibeba."

"Najua."

Ndipo alinyanyua mikono yake mbili mbele ya uso, vile mutu mwenye macho anaziangalia, akazigeuza, tumbo na mugongo. Aliuliza polepole: "Kwa hiyo haikukosea?"

"Haikukosea."

"Miaka mbili niliinyima kazi."

Nikapiga magoti. Nikasema: "Padiri alinisamehe, mwalimu, weye pia unisamehe." Akasema: "Simama, sakafu ni ya baridi." Akangojea nisimame. Kisha akasema: "Mungu anaweza kukusamehe mu siri, maman. Ni yeye, ana uwezo. Miye nilisema 'ni miye' mbele ya watu onze. Kila mutu alienda na ile neno kwake, amelala nayo, amesimulia bwana wake. Sitaki machozi yako. Enda uwaambie."

"Bametawanyika."

"Utawatafuta."

Hakunishika mukono. Dada yake alinirudishia kikapo yangu na maharagi ndani, juu mutu hatoki Nyantende na kikapo tupu.

Onze, miye mwenyewe nikiwa ndani: ni kusema kumi ya kuambia. Nimepata sita. Maman Trésorière nilimukuta ku mtaa ya Essence. Alinisikiliza mupaka mwisho, kisha akafunga mulango, na namupa haki. Koko ya Panzi, banasema alisha kufa, na alikufa akiamini ni mwalimu aliharibu. Banabaki tatu. Moja alivuka Burundi na batoto ine. Moja alisemaka anaenda kwa kaka yake Luvungi. Moja sijue hata njia gani alishika.

Ndiyo sababu nimeandika, na uandishi yangu ni ya masomo ya mangaribi, utanisamehe. Naomba usiifungie mu mufuko. Imupe mutu mwenye anasafiri. Isome kwa sauti mu camp ya bakimbizi, mu taxi, ku lango ya kanisa mahali banasimamaka nyuma ya misa. Ukikutana na mama mwenye alisomaka mashini kule Kadutu, ama bwana wake, ama mutoto wake, umuambie polepole, usiruke kitu: mwalimu aliandika trois. Ni miye nilifinya.